Tundu Ubavuni mwa Kiatu

Duluth, mwezi wa pili. Ziwa limeganda hadi upeo wa macho,
nami chumbani chini ya ngazi, miguu ndani ya soksi mbili mbili,
nasoma jinsi Daktari Halvorsen alivyoukata mfupa wa mtu nisiyemjua.

Ardith Maki, miaka sitini na mitatu.
Mguu wa kulia. Kidole gumba kimemlalia jirani yake
kama mlevi begani mwa mwenziwe.
Nundu nyekundu imejitokeza. Mfupa umekatwa karibu na kichwa chake,
ukasogezwa, ukakazwa kwa skurubu mbili.
Ngozi ikashonwa. Damu kidogo.

Kazi yangu ni kuyageuza hayo kuwa tarakimu.
Mbili nane mbili tisa sita: mfupa umekatwa mbele, upande wa kidole.
Mbili nane mbili tisa saba: kiungo cha nyuma kimeunganishwa, kisicheze tena.
Kati ya sita na saba kuna pesa,
na ofisi ya daktari imebandika saba.
Nimeisoma ripoti mara tatu. Kiungo cha nyuma hakikuguswa.
Naandika sita.
Simu inalia. Simu ile sitaisimulia.

Halafu T5, alama ya gumba la kulia.
Ukiandika TA, umempasua mguu wa kushoto,
ule mzima, kwa herufi moja,
na kosa kama hilo halina ganzi.

Dai likaenda. Dai likarudi.
Hakuna ushahidi kwamba mgonjwa alijaribu njia nyingine.
Viatu vipana? Havikuandikwa. Pedi? Vidonge? Havikuandikwa.
Katika kazi yetu kisichoandikwa hakikutendeka:
niliambiwa hivyo siku ya kwanza, nikawaambia waliokuja baadaye,
nimezeeka nikilisema neno hilo.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Maumivu bila daftari hayapotei popote.
Hurudi nyumbani na mwenyewe, huvuliwa viatu mlangoni,
hulala naye; hata shuka ikimgusa, anaamka.

Nikarudi nyuma kwenye faili. Mwaka mmoja, miwili, minne.
Shinikizo la damu. Chanjo ya mafua. Kikohozi.
Na pale, kwenye karatasi iliyopigwa picha kombo,
mwandiko wa nesi aitwaye Kayleen, aliyekwisha kuacha kazi:
Mpishi wa shule. Husimama kutwa nzima jikoni.
Amenunua viatu vya kiume, vipana.
Cha kulia amekitoboa ubavuni kwa kisu cha mkate
ili nundu ipate pa kutokea.
Anacheka akisimulia. Mimi sikucheka.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Siri ya kiatu, nadhani, aliijua kisu cha mkate,
na Kayleen, ambaye hakuna aliyemwomba aandike.

Nikaambatanisha ukurasa. Nikatunga barua ya adabu
ambayo moyoni sikuwa nayo.
Wiki sita kimya. Kisha wakalipa,
pungufu, kama kawaida yao.

Mwezi wa tano, foleni ya duka la dawa.
Wakaita, "Maki!"
Akina Maki huku ni wengi kama theluji.
Mwanamke wa mabega mapana akasogea mbele.
Sheria imenifunga mdomo; macho haikuyataja.
Nikatazama chini.
Viatu vya buluu, vipya, vyembamba kidogo kuliko ningependa.
Havina tundu.
Mguu wa kulia aliukanyagisha taratibu,
kama anayeonja maji ya kuoga.

Nami nikapiga hatua moja kwenye foleni,
nundu yangu ikisukuma ngozi ya kiatu,
ile ambayo bado sijamwonyesha daktari yeyote
aiandike.