Gurudumu la Tatu

Kilomita nne na robo.
Nimezipima kwa saa, kwa mafuta,
na mwaka jana, Februari, kwa mfupa wa bega.

Kutoka mlangoni kwangu, San Giacomo,
hadi hospitali ya kilimani ninakowatoa watu damu
kabla hawajanywa kahawa,
ni dakika tisa kwa skuta, taa zikinihurumia.
Basi huchukua arobaini, na dereva wa alfajiri
hufunga mlango akiniona nakimbia.
Gari sina. Ningekuwa nalo, hapa Trieste,
ningeliegesha wapi? Kichwani?

Kwa hiyo nawaza gurudumu la tatu.

Si bajaji, nisieleweke vibaya. Haina paa,
wala kiti cha nyuma cha kupigia soga.
Ni pikipiki iliyopanuka mbele,
magurudumu mawili sambamba
kama nyayo za mtu anayengoja jibu,
na moja nyuma la kusukuma.
Kwenye kona yote matatu huinama pamoja.
"Inalala, lakini haianguki," alisema Drago muuzaji.
Nikamwambia niliwahi kuolewa na mmoja wa hivyo.

Kaka yangu Livio hucheka kwa mabega, bila sauti:
"Hicho ni kiti cha wagonjwa chenye injini, Nevia.
Mtu akianza kuongeza miguu, ujue safari inaisha."
Yeye ana magurudumu mawili
na vyuma viwili ndani ya paja.
Chungu hakikai juu ya mafiga mawili,
lakini hilo sikumwambia. Nilimwongezea supu.

Bora uzima, watu husema.
Kwetu bora ni upepo.
Hushuka kutoka uwanda wa mawe bila hodi,
huvua watu kofia, huviringisha mapipa,
na siku ile, kwenye kona ya duka la mikate,
ulinikuta nikipinda kushoto
ukaamua nilale kulia.
Mwokaji alitoka na mikono ya unga.
Alama za vidole vyake zilibaki kwenye koti langu;
sikulifua hadi Machi.

Jumamosi Drago aliniachia niijaribu.
Kwenye taa nyekundu nilibonyeza kitufe
na chombo kikasimama chenyewe, wima, kama askari.
Mguu wangu wa kushoto ukashuka hata hivyo,
ukaipapasa lami
kama ulimi utafutao jino lililong'olewa.
Miaka thelathini na moja mguu huu umenishikilia mjini.
Sasa nimwambie nini? Pumzika?

Halafu kuna bei: euro elfu sita na mia mbili,
nayo imeshatumika. Tairi za kubadilisha ni tatu.
Na kuna ujia wa kuingilia uani kwetu.
Niliupima kwa utepe wa cherehani: sentimita themanini na nne.
Usukani ni themanini.
Mbili huku, mbili kule,
na vidole vyangu nitaviweka wapi sijui.
Tena wale wa ghorofa ya kwanza wamepata mtoto,
gari lake la kusukuma limeshapanga hapo.

Jana usiku bora ulivuma hadi vioo vikaimba.
Alfajiri nikafungua dirisha:
skuta kumi na moja chini, zimelaliana
kama walevi wa harusi moja.
Ya kumi na mbili imesimama.
Nikashuka ngazi mbiombio, na gauni la kulalia ndani ya koti,
nikahesabu magurudumu yake.
Mawili.
Mwenyewe aliifunga mnyororo kwenye nguzo.

Nikaenda kazini kwa miguu,
mkono mmoja ukutani kilomita zote nne,
na ile robo nikaikimbia.
Mgonjwa wa kwanza, mzee mwenye mishipa myembamba,
alizitazama nywele zangu.
"Bora?" akauliza.
"Bora," nikasema,
na kumkunjulia mkono.