Dimbwi la Jikoni

Bi Etelka alikuwa opereta wa simu
posta ya Debrecen, enzi za waya na plagi.
Anaujua mlio wa laini iliyokatika:
si kimya, anasema, ni kimya kinachopumua.
Kwa hiyo nilipomwonyesha picha ya mgongo wa Bodza,
doa jeusi kati ya pingili mbili,
hakuuliza kama pamekatika. Aliuliza:
"Upande wa pili, bado kuna mtu?"

Mbwa ana miaka kumi na mitatu.
Miguu mifupi, masharubu meupe,
na nusu ya nyuma anaiburuta
kama nguo ya kuazima: haimsitiri, haimwachii.

Nilimweleza habari za seli shina.
Tunazichota kwenye mafuta yake mwenyewe,
tunazilea wiki tatu ndani ya kabati la joto,
kisha sindano, tone kwa tone, palipo na kovu.
Nilimweleza na lisilopendeza:
kwa mbwa wachanga hushika kama mbegu kwenye tope;
kwa wazee kovu limekomaa, ardhi ni kavu,
na mbegu zenyewe zimezeeka pamoja na shamba.
"Nina sabini na tisa," akasema. "Sema jingine."

Miezi minne.
Kila siku mara nne alimlaza mezani,
juu ya taulo la kijani,
akamkamua kibofu kwa viganja viwili,
hata saa tisa usiku, barafu imeota dirishani.
Mimi nilihesabu hatua.
Hakuna hatua.
Kwenye jedwali, safu ya wazee, mstari wa saba,
niliandika sifuri, nikaikoleza wino.

Jumanne moja ya Februari simu ililia kabla ya jua.
"Njoo. Usivae viatu vizuri."

Nilikuta dimbwi,
dogo, la manjano, likipenya chini ya mlango wa uani,
na Bodza kando yake, masikio chini,
na haya zote za mbwa aliyefunzwa adabu.
Bi Etelka kashika tambara, hapangusi.
"Haja imemwamsha," ananong'ona.
"Imemwamsha yeye, si mimi.
Kajiburuta mpaka hapa. Mlango ulikuwa na komeo."

Jedwali langu halina safu ya dimbwi.
Nilichora moja pembeni, kwa penseli,
mstari ukaenda upogo.
Naye akapiga magoti palepale kwenye majimaji,
akamwinamia mbwa sikioni,
kwa sauti ambayo posta iliistaafisha zamani:
"Haloo. Haloo, nakupata.
Zungumza."