Swali la Saba

Swali la saba kwenye dodoso linasema:
katika siku thelathini zilizopita
nani aliingia bandani kwako, na alitoka na nini?
Nimelisoma mara arobaini na moja
tangu tuteremke kwenye pikipiki, hapa milimani nyuma ya Kasulu,
ukungu ungali umelalia migomba,
na mara zote nimejibiwa: hakuna.

Hakuna aliyekuja. Hakuna aliyeondoka.
Nguruwe waliumwa wenyewe tu,
masikio yakaiva zambarau,
wakarundikana kona moja kama wenye baridi,
na asubuhi ya nne banda likanyamaza
hata ndoo ya pumba ilipogongwa.

Skolastika Bitaliho amebakiwa na jike mmoja.
Gwasa akambana, nikapapasa mshipa shingoni,
damu ikaingia kwenye kichupa, nikaandika 0417.
"Hiyo kalamu," akaniuliza, "imewahi kuponya nini?"
Nikajidai kufunga kasha la barafu.
Homa hii sina sindano yake.
Nina chokaa. Nina shimo la kimo cha mtu.
Nina kamba ya kuzuia barabara ya mnadani.

Kesho yake nililiacha dodoso kwenye begi.
Nikaketi naye kwenye mkeka, tukachambua maharage,
mabovu huku, mazima huku,
na alipofika katikati ya ungo akasema, bila kunitazama:
dume lilikuwa la Ruhuza.

Dume la Ruhuza halina malipo.
Linalala hapa siku mbili, kule siku tatu,
kwa sababu mwanawe alipolazwa Heri
watu walimchangia hadi nauli ya kurudi.
Akaendelea. Arusi ya Jumamosi ile,
paja zima lilifungwa kwenye majani ya mgomba
likapelekwa kwa mama mkwe, ng'ambo ya mto,
na masufuria yalipooshwa
maji yake waligawana majirani, makombo na yote,
nguruwe nao waonje arusi.
Na yule mjane (jina usiliandike)
aliuza wake akiwa tayari anayumba,
ada ya shule ilikuwa inadaiwa,
na walionunua waliona, wakanunua.

Usiku, gesti, umeme umekatika,
nilichora kwa tochi ya simu.
Duara kwa kila kaya, mshale kwa kila njia.
Dume: mshale. Paja: mshale. Makombo: mishale tisa.
Kirusi hakina miguu, tulifundishwa chuoni,
kinasubiri abebwe mtu mwema.
Hapana, hilo la mwisho hatukufundishwa.

Duara moja lilibaki pweke: mzee Kagoma.
Haazimi jembe, haazimi chumvi,
kwenye arusi alikaa nusu saa, akala, akaenda.
Nguruwe wake wanne ni wazima, wanene,
wanakoroma kana kwamba kijiji hakipo.
Sasa kwenye ripoti, sehemu ya mapendekezo,
niandikeje?
Kuweni kama Kagoma?

Niliandika: dume lisizungushwe.
Makombo yachemshwe.
Mgeni aoshe viatu mlangoni.
Nikaisoma, nikaona ni kweli tupu,
na nikaona haya.

Majibu ya 0417 yalikuja kwa ujumbe wa simu, neno moja.
Skolastika mwenyewe alimwaga chokaa,
kwa mkono, taratibu, kama anayepaka ukuta wa sebule,
kisha akaingia ndani akatoka na mkungu wa ndizi.
"Njia ni ndefu," alisema. Sikuweza kukataa.

Kwenye kijito nilisugua buti kwa brashi na dawa,
soli, mishono, hadi vidole vikafa ganzi.
Nikatoa fomu moja iliyobaki, nikaijaza.
Aliyeingia: mimi, mabanda arobaini na moja.
Alitoka na nini:
vichupa, barafu iliyoyeyuka nusu,
ndizi.