Choo Kisichojaa

Nyumba ya mia mbili na tisa, Mabatini juu,
pale ngazi zinapoisha yakabaki mawe.
"Mwangaluka," nasema. Nafungua fomu.
Wanalala wangapi? Mama Nyanzobe anahesabu kwa vidole:
wanawe wanne, mpangaji na mkewe, kichanga chao
(fomu inataka nimwandike nusu mtu),
na shemeji anayekuja mwezi ukiwa giza, kwa ajili ya dagaa.
Shemeji namtia robo. Sijui kama ni sahihi.

Kina cha shimo? Anacheka.
"Sululu iligonga jabali, shimo likiwa kiunoni mwa fundi.
Tukasema basi, Mungu anaona."
Limenyonywa lini?
Hapo ananyooka, kama aliyeulizwa habari za mtoto aliyefaulu:
"Choo changu, mwanangu, mwaka wa kumi na tisa huu, hakijajaa.
Cha jirani kila masika gari linakuja. Changu, kamwe."

Naandika: kamwe.
Kalamu inasita.
Maana kisichojaa kina mlango mwingine,
nao hauna kitasa: ufa kwenye jiwe,
mteremko, mfereji, Mirongo,
kisha ziwa, limetulia huko chini
kama lisilohusika.

Jioni, ofisini, nazidisha.
Watu, mara gramu moja na nusu ya fosforasi,
mara siku za mwaka, toa kile ambacho udongo umekikamata.
Udongo gani? Jedwali hili lilitungwa kwenye udongo mnene;
halijawahi kupanda Mabatini.
Nafuta. Nabahatisha. Nafuta tena.
Palipoandikwa "udongo" naweka sifuri.

Na nani atamwambia?
Kwamba hiyo sifa ya choo chake
ndiyo uji wa kijani unaong'ang'ania makasia kule mwaloni,
ndiyo gugu linalochanua zambarau bila mkulima.
Ingekuwa rahisi angekuwa mchafu.
Ua wake umefagiwa mpaka jabali linang'aa.

Nyumba ya mia mbili na kumi sikupiga hodi;
ufunguo ninao.
Wanalala wangapi? Mmoja.
Kina? Nilipopanga sikuuliza.
Kilijaa lini?
Nasimama mlangoni na tochi, nimebana pumzi,
nasikiliza.
Mvua ilikatika tangu adhuhuri,
lakini huko chini kitu kinatiririka.