Namba Mia Sita

Chumba cha kuvulia nguo, kabla ya mlango wa sauna,
ndicho karakana yangu tangu kiwanda cha karatasi
kiliponipa saa ya ukutani na kunifungia geti.
Januari, Lappeenranta. Bomba limeganda tena.
Nachota maji kwa sufuria, nayapasha yawe vuguvugu;
msumeno wa almasi hauli jiwe ukiwa na kiu.

Jiwe lenyewe usilidharau, wala usilisifu bado.
Nililiokota Ylämaa, kwenye lundo la makombo ya machimbo,
jeusi, zito, sura ya kipande cha lami.
Lilowanishe. Ligeuze. Ligeuze tena, kidogo tu,
hapo!
dirisha la buluu limefunguka ndani yake,
na kabla hujamwita mtu limefungwa.

Kazi yote ni kujua lile dirisha linatazama wapi.
Ukikosea pembe kwa unene wa njiti ya kiberiti
utang'arisha lami mpaka kesho.

Nachora duaradufu kwa kalamu ya alumini,
milimita thelathini kwa ishirini na mbili,
nakata, nagandisha mgongo wa jiwe kwenye kijiti kwa nta,
nta ya meno, ya jirani yangu Sanelma,
msaidizi wa daktari wa meno kwa miaka thelathini na moja,
aliyestaafu na droo moja ya vifaa ambayo hajawahi kuieleza.

Kisha magurudumu.
Themanini hunguruma, hutafuna kona.
Mia mbili na ishirini hulalamika,
na kuba huanza kutokeza kama kisigino ndani ya soksi.
Haba na haba hujaza kibaba, tunaambiwa;
mimi haba na haba nakimwaga,
matope ya kijivu yananishukia viatuni.
Mia sita. Elfu moja na mia mbili. Elfu tatu.
Mwisho ngozi, ngozi ya buti kuukuu, na unga wa almasi,
jiwe linapata joto, linaanza kung'ang'ania,
nami naacha kupumua,
kwa maana jiwe hili lina tabia ya kupasuka kwa kinyongo
dakika ya mwisho.

Halikupasuka.

Nikavuka theluji, pajama chini ya koti,
jiwe nimelifumbata ndani ya glavu.
Jikoni kwa Sanelma kuna taa ya meno yenye shingo ndefu,
karatasi ya kuokea ya kupunguza makali ya mwanga,
na kipande cha kofia nyeusi ya shangazi yake.
Akalilaza, akaliinua upande mmoja kwa punje ya nta.
"Shika hapo. Juu. Si juu hivyo, Eevert."
Picha ya kwanza: lami.
Ya tisa: lami yenye taa ya meno juu yake.
Ya ishirini na tatu akanyamaza, akanigeuzia kioo.

Buluu yote ilikuwapo, na ukingoni rangi ya kaa linalopulizwa.
Na katikati ya buluu, mstari. Mmoja. Mnyoofu.
Jicho langu halikuuona;
kamera haina adabu ya jirani.
"Mia sita," nikasema. "Niliondoka mapema mia sita."
"Hakuna atakayeona."
"Wewe umeona."
"Mimi nimetazama meno ya watu miaka thelathini na moja."

Basi nikarudi, nikikanyaga nyayo zangu kinyume.
Maji yalikuwa yameshaanza kuganda ndooni.
Wapo wanaorudi nyuma kwa hasira. Mimi nilirudi magurudumu matatu
kwa furaha ambayo nisingependa mke wa kaka yangu aijue.

Picha ya mwisho ipo kwenye friji ya Sanelma, chini ya sumaku ya benki.
Ina buluu moja tu, ile ya pembe moja.
Nyingine nazitazama mwenyewe kwenye foleni ya posta.
Ila pembeni mwa picha kimeingia kidole gumba changu,
na kucha, iliyopita magurudumu yote pamoja na jiwe,
imesawazika, inang'aa, ina taa ndogo nyeupe ndani yake.
Nilimwambia aikate.
Akasema hiyo ndiyo iliyotoka vizuri.