Kisanduku cha Nne

Fomu iliuliza: *Eleza hitaji la jamii yako.
Maneno yasizidi mia mbili.*
Nereida alikuwa jikoni kwake, Tres Pozos,
bonde la California, usiku, feni ikilalamika.
Jina la mji maana yake visima vitatu.
Viwili vimekauka, lakini hilo lina fomu yake.

Akaandika: Basi hupita mara mbili kwa siku.
Akafuta.
Akaandika: Basi la asubuhi hukuta tumeshaondoka,
basi la jioni hukuta hatujarudi.
Zabibu hazisomi ratiba.

Akaandika: Don Hilario husafishwa damu
mara tatu kwa wiki, maili thelathini na nane kutoka hapa.
Humlipa jirani dola arobaini kila safari,
na gari la jirani linakohoa kumshinda mgonjwa.
Damu hurudi safi, mfuko hurudi mtupu.

Akaandika: Watoto wetu hubeba dawa ya pumu
mkobani, kati ya penseli na chungwa.
Malori hutupita usiku kucha
yakipeleka lozi kwa walimwengu.
Vumbi ni letu, hatulikani.
Moshi ni wa wapita njia.

Maneno mia mbili na kumi na moja, kompyuta ikamwambia.

Akakaa. Feni ikageuka, ikamtazama, ikageuka tena.
Nani ashuke ili wengine wafike?
Akasoma toka juu, kidole kwenye kioo,
akalikuta:
*Binamu yangu Chayo alijifungulia kando ya mfereji, akingoja gari la kuazima.*
Akahesabu. Kumi na moja.
Kitoto, tushukuru, kilikuwa kizima.
Akakata.

Ikaja barua. Si pesa, maswali.
*Mna mkaguzi wa hesabu?*
Tunaye Bi Mao Xee, muuza maboga,
ambaye tangu mafuriko yale ananidai senti sitini.
*Hilo halitoshi.*
Ikaja barua ya pili, ikaja ya tatu,
ile ya tatu ikiuliza la kwanza.
Miezi kumi na minne.
Don Hilario akalipa safari mia moja na themanini,
dola arobaini, arobaini, arobaini.

Subira huvuta heri, ndivyo tusemavyo;
heri yetu ilivutwa na lori la dizeli,
magari matano ya umeme mgongoni mwake,
meupe, yamefungwa minyororo kama walioshikwa.
Lilipozima injini, wingu jeusi likabaki juu ya kanisa
na sote tukacheka, hata afisa wa ruzuku,
aliyekuja na utepe wa buluu na mkasi butu.
Utepe ukakataa. Bi Mao Xee akatoa kisu cha maboga.

Don Hilario alipanda wa kwanza,
kofia kifuani kama yuko misani.
Akangoja. Akangoja.
«Limezimika?»
«Limewaka, Don.»
«Mbona halisemi?»
Likaondoka vile vile, bila kusema,
na mbwa wa mtaa, waliozoea kuonywa,
wakabaki wamelala katikati ya njia
mpaka Nereida akashuka kuwaamsha mmoja mmoja.

Sasa kuna daftari kwenye ukumbi, penseli kwa uzi.
Kliniki, Jumanne. Mahakamani, saa tatu. Duka la dawa.
Mtu kaandika *kwenda tu kuona bahari*,
na mwingine, kwa mwandiko tofauti: *nafasi mbili.*
Gari la nne halishiki chaji.
Pesa zitakwisha Juni ya mwaka kesho kutwa;
fomu mpya ina visanduku tisa.

Leo asubuhi Chayo alikuja na mtoto.
Mtoto alikataa kubebwa, akapanda mwenyewe,
goti kwanza, kisha tumbo, kisha viatu vyekundu.
Nereida akamfunga mkanda,
akaangalia kioo cha nyuma:
maneno kumi na moja,
yanakula biskuti, yanamwaga makombo kwenye kiti.