Alfajiri ya Miaka Tisa

Daftari langu la petroli lina doa la chai
na hesabu zisizobembelezeka:
lita arobaini, kilomita mia mbili thelathini na sita.
Lita arobaini, mia mbili thelathini na moja.
Januari, baada ya karo, lita kumi tu,
nikakwama Lanet, mkono kiunoni,
kama mtu aliyeegesha kwa hiari.

Selika ya mwaka tisini na nne,
nyekundu iliyochujuka ikawa nyanya ya juzi.
Kaka yangu Kimosop aliniachia funguo akaenda Doha:
"Itunze. Haili sana."

Haili. Inakunywa.

Wakasema mguu wangu ni mzito.
Wakasema petroli ya kituo kile ina maji.
Shemeji akasema iuze, ununue Probox,
gari la watu wenye akili.
Nikabadilisha kituo. Nikavua viatu,
nikaendesha peku kutoka Kaptembwo hadi Njoro
nikigusa pedali kama mtu anayepita kitandani mwa mtoto.
Mia mbili thelathini na tatu.

Nyakeri, fundi wa Shabab, hakunipa pole.
Aliuliza, "Moshi wake unanuka nini asubuhi?
Na jioni?"
Vilevile, nikasema.
"Mm."

Alilitoa chujio la hewa, akalipiga gotini: vumbi la kawaida.
Akainua magurudumu, akayazungusha kwa kidole;
hakuna breki iliyong'ang'ania.
Akafungua plagi nne, akazilaza juu ya gazeti.
Nyeusi, masizi makavu,
kama tambi za vibatari vya matanga.
"Inashiba kupita kiasi, na bado inadai."

Akawasha, akashika mpira wa juu wa rejeta,
akafumba macho.
"Mshale wa joto huwa unafika wapi?"
Chini kabisa, nikamwambia kwa fahari. Miaka tisa
haijachemka hata siku moja.
Akanitazama kama unavyomtazama mzazi
anayejisifu kwamba mwanawe hajawahi kulia.

"Gari hili linadhani ni alfajiri," akasema.
"Saa saba mchana, jua la Nakuru utosini,
linadhani limeamka sasa hivi,
linajimiminia petroli ya kufukuza baridi."

Akaendea kifuniko, pale mpira unapoingia kwenye injini.
Bolti mbili. Ya kwanza ya Toyota.
Ya pili ina kichwa kikubwa, ya lori la Isuzu,
na alama ya rangi ya kijani.
Hapo spana ikasimama.

Ndani hamna kitu. Tundu na maji ya kutu.
Mahali pa themostati, hewa.

Nyakeri aliifuta ile bolti kwa shati lake, si kwa kitambaa.
"Hii niliitia mimi.
Kaka yako alichemkia Salgaa, usiku, Desemba,
spea hakuna. Nikaing'oa, nikamwambia ni ya muda.
Akasema atarudi Jumamosi."

Sikuwa na hasira, nilikuwa na daftari.
Nikaanza kuzidisha pembezoni mwa ukurasa,
lita kwa bei, bei kwa miaka;
nilipofika ng'ombe wa tatu wa maziwa, nikaacha.
Themostati mpya, mia nane hamsini.
Ufundi, alikataa kulipwa.
Nilimpa ya chai. Ya chai alichukua.

Jioni, karibu na njia panda ya Njoro,
mshale ukaanza kupanda.
Ukafika katikati, ukatulia.
Nikaogopa. Nikasimama kando ya ngano ya watu,
nikainua boneti, nikangoja moshi.
Hakuna. Injini ina joto tu,
joto lake yenyewe, nami sikuwa nikilijua.

Usiku nikampigia Kimosop.
Nikamwambia, Nyakeri anasema ulikuwa urudi Jumamosi.
Nikasikia kipoza hewa cha Doha kikinguruma,
kisha yeye:
"Jumamosi ipi?"